Hatua Mbili, Siku Tatu

Naomba nianze na malalamiko, maana nikianza na salamu nitapoa.

Mwezi wa sita mpwa wangu alikuja kwangu Ngara kula likizo. Aliila kweli. Maparachichi yaliyoiva aliyamaliza, yaliyokuwa bado akayafukia kwenye pumba yaive haraka, akayamaliza nayo. Asubuhi ya kuondoka, begi mgongoni, akanikabidhi kaunta buku la kwaya mbili lililovikwa gazeti. "Shikamoo mjomba. Hili nakuachia ujiburudishe. Ni mafumbo ya chesi, lakini nimekuchagulia yale mepesi, ya hatua mbili."

Shikamoo na tusi ndani ya pumzi moja.

Nilipofungua nikakuta kila ukurasa una mbao nne zilizopigwa rula, vyumba vyeusi vimechorwa mistari ya penseli, na chini ya kila ubao sentensi ileile: Weupe wanaanza, mati kwa hatua mbili. Maana yake nacheza mara moja, adui anajibu anavyotaka, nacheza tena, mfalme wake kwisha. Nikahesabu kwa vidole. Zangu mbili, yake moja, jumla tatu. Jambo la hatua tatu limshinde mtu aliyefanya ukarani miaka 34 na hajawahi kupotewa na jalada? Nikajiambia daftari zima nitalimaliza kabla chai haijapoa.

La kwanza lilinichukua siku tatu, na jibu lenyewe lilikuwa la uongo.

Sasa msinifikirie vibaya. Mimi si mgeni wa ubao. Pale kijiweni karibu na stendi ya Ngara, chini ya mwembe, nacheza drafti tangu enzi ambazo vizibo vya soda vilikuwa na kizibo cha ndani cha mpira. Ubao wetu una vyumba 64, sawasawa na huo wa chesi, kete 12 kwa 12, wangu chali, wako kifudifudi. Wapo watu wazima wenye familia ambao wakiniona natokea kona ya sokoni hukumbuka ghafla kwamba waliacha kitu nyumbani. Na drafti ni mchezo wa watu. Unapiga kizibo kwa kishindo, unamuuliza mwenzako kama kwao kuna mtu mwenye akili amtume, watazamaji wanacheka, mchezo unaendelea. Zaidi ya yote, drafti ina sheria moja nzuri ambayo imenilea: kula ni lazima. Ukikuta cha kula, unakula. Hakuna kufikiri, hakuna kuona haya.

Chesi haimlazimishi mtu kula. Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanzia.

Nikuonyeshe fumbo lenyewe, uone kama nasingizia. Ni la ukurasa wa kwanza, na mpwa wangu ameandika pembeni kwamba linahusishwa na Paul Morphy, Mmarekani wa New Orleans aliyezaliwa mwaka 1837 na kufa 1884, ambaye alikuwa akiwafunga watu wazima angali mtoto. Chukua ubao. Kona ya juu kushoto, palepale Ngara ilipo kwenye ramani ya Tanzania, amejibanza mfalme mweusi. Kuliani kwake ameegemewa na askofu wake. Chini ya mfalme kuna kitunda cheusi, tukiite cha Kakonko. Chini ya askofu kuna kitunda kingine cheusi. Basi, hao ndio weusi wote, wanne, wamesongamana kwenye kona kama abiria wa kiti cha nyuma.

Weupe wako watatu tu. Kitunda kimoja kimegongana pua na kile kitunda cha askofu, hakuna anayesogea. Ngome iko kona ya chini kushoto, yaani Tunduma huko, inatazama juu moja kwa moja mpaka Kakonko. Na wa tatu ni mfalme mweupe mwenyewe, amesimama bega kwa bega na askofu wa adui.

Swali langu la kwanza halikuwa la hatua mbili. Lilikuwa hivi: huyu mfalme mweupe amefikaje huko? Katoka mwisho wa ubao, peke yake, bila mlinzi, akapita katikati ya jeshi la watu mpaka jikoni kwa adui, na hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi. Mimi nikivuka Kabanga kwenda kumjulia hali shemeji upande wa Burundi naulizwa karatasi, ingawa ni mtu wa kila siku pale. Mafumbo haya yote yako hivyo. Unakabidhiwa ugomvi katikati, hujui ulianzaje, unaambiwa umalize.

Nikaupeleka ubao kijiweni. Kete za chesi dukani sikuzipata, kwa hiyo nilitumia vizibo nikaviandika kwa kalamu ya wino: M mfalme, A askofu, N ngome, K kitunda. Maaskofu kwetu hawana shida ya kueleweka. Ngara ina dayosisi ya Kianglikana yenye makao yake Murgwanza na jimbo la Kikatoliki la Rulenge-Ngara, kwa hiyo nilipoeleza kwamba askofu wa chesi hatoki kwenye rangi yake mpaka afe, kijiwe kizima kiliitikia kwa kichwa bila kudai ushahidi. Shida ilikuwa kwenye kula.

"Mle askofu," akasema mmoja.

"Haifiki."

"Basi ile ngome mle kitunda cha mbele ya mfalme."

Nikala. Askofu mweusi akashuka akaila ngome yangu. Wakacheka mpaka mwenye duka akatoka kuangalia.

Kwa majaribio nikaipandisha ngome mpaka Kibondo, chumba cha chini ya Kakonko. Sikuwa nimeiachia hata, kidole bado kiko juu ya kizibo, sauti sita zikalia kwa pamoja: "Unaliwa!" Kweli, kile kitunda cha askofu kilikuwa kinaitazama ngome kwa pembeni, kimeshafungua mdomo. Nikairudisha Tunduma haraka, nikawashukuru wazee kwa kuniokoa. Kumbukeni shukrani hiyo, nitaidai baadaye.

Nyumbani nako mambo yakaharibika. Mke wangu alikwenda jumuiya akaniachia chungu cha maharage jikoni, nikitazame. Nilikitazama. Nilikuwa nakitazama kwa jicho moja na ubao kwa jicho la pili, na jicho la ubao ndilo lililokuwa na nguvu. Harufu ilipofika sebuleni nilidhani ni ya jirani. Aliporudi akasimama mlangoni na kitenge chake cha kanisani, akatazama chungu, akatazama vizibo, akasema polepole: "Baba watoto, ilikuwa uongeze maji, upunguze mkaa. Hatua mbili."

Sikujibu. Jibu lilikuwepo lakini lilihitaji hatua tatu.

Nilimpigia mpwa simu nikamwambia daftari lake lina makosa ya uchapaji. Akaniuliza liko wapi kosa. Nikasema kwenye neno mbili. Akacheka, halafu akaanza kunieleza mambo ambayo sikuyauliza, kama kawaida ya wanaosoma. Kwamba mafumbo mengine ya daftari ameyatoa kwenye kitabu cha mwalimu mmoja wa Hungaria, László Polgár, chenye mafumbo na michezo 5,334. Ndani yake ya hatua moja ni 306, ya hatua mbili 3,412, ya hatua tatu 744. Kwamba huyo mzee aliwafundisha binti zake watatu nyumbani, na mdogo wao, Judit, akapata cheo cha juu kabisa cha chesi mwaka 1991 akiwa na miaka 15. Kwamba hata hapa jirani, Katwe, Kampala, Phiona Mutesi alianza chesi akiwa mtoto mdogo, kwenye kibanda ambako mwalimu wake Robert Katende alikuwa akiwapa watoto uji, na ilipofika mwaka 2010 akaiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya chesi huko Khanty-Mansiysk, Urusi. Mwaka 2016 wakamtengenezea filamu, na Lupita Nyong'o akacheza kama mama yake.

Mimi nikinywa uji nalala. Lakini hesabu nilikaa nikaifanya. Mafumbo 3,412 ya hatua mbili, kwa mwendo wangu wa siku tatu kila moja, ni siku 10,236. Miaka 28. Nina miaka 63. Yaani nikianza leo bila kuugua wala kwenda msibani, nitamaliza nikiwa na 91, na hapo sijagusa ya hatua tatu.

Akanifariji. Akasema niwe na subira, mafumbo haya ni ya kale. Chesi yenyewe Kiswahili kinaiita sataranji tangu zamani, na mfalme wake ni shaha, neno la Kiajemi, ndilo hilohilo la shaha wa malenga. Mati nalo ni la hukohuko: shaha kakwama, hana pa kwenda. Waarabu waliyaita mafumbo haya mansuba, na bingwa wao mmoja wa Baghdad, as-Suli, katika karne ya kumi alitunga moja akajigamba kwamba hakuna mtu duniani anayeliweza ila aliyemfundisha yeye. Likakaa zaidi ya miaka elfu moja, mpaka Mrusi Yuri Averbakh akalifumbua. Nikamuuliza mpwa: huyo as-Suli, aliandika chini yake kwamba ni la hatua mbili, jepesi? Akasema hapana. Basi alikuwa muungwana.

Majibu aliondoka nayo. Alisema angeniachia ningechungulia. Sijui kajifunza wapi kuwadhania watu vibaya, ingawa alidhania sawasawa.

Nilimtesa mtu huyo Morphy hadi siku ya tatu, dada yangu wa Biharamulo aliponiita kwenye kikao cha harusi. Nikapanda gari asubuhi, kiti cha dirishani, daftari mapajani, nimekaa na mama mmoja mwenye jogoo kwenye kapu. Tukashuka hadi Benaco, tukashika barabara ya Rusumo hadi Lusahunga, ile ya kilometa 92, tukiwa tumechanganyika na malori ya Kigali. Zamani pori lile lilikuwa halipitiki hivihivi. Enzi za majambazi magari yalikusanywa kwanza, yakapangwa mstari, askari wenye bunduki wakatangulia na wengine wakafunga nyuma. Ile ndiyo chesi niliyokuwa naielewa: kitunda mbele, kitunda nyuma, mfalme katikati anasali.

Karibu na Nyakahura, gari lilipoingia shimo na jogoo akaingia kwenye daftari, akili yangu ikafunguka.

Nikaona hivi. Kitunda cha Kakonko kimebanwa. Kikitoka pale kwenda kula pembeni, ngome kutoka Tunduma inamtazama mfalme usoni, kwa hiyo sheria hairuhusu. Kitunda cha askofu kimezibwa na changu. Mfalme mweusi amezungukwa na watu wake mwenyewe, hana pa kukanyaga. Anayeweza kusogea ni askofu peke yake. Na askofu akisogea tu, popote aendapo, Kakonko inabaki bila mlinzi: ngome inakula, kitunda changu kinailinda, mati. Sasa mimi nihangaike nini? Nisubiri! Niisogeze ngome hatua moja, kutoka Tunduma hadi chumba kinachofuata, kama mtu anayejinyoosha, adui ajinyonge mwenyewe.

Na sikula kitu. Hili ndilo lililonitoa machozi. Mpwa aliwahi kunidokeza kwamba watunzi wa mafumbo wana mwiko wao: hatua ya kwanza isiwe ya kula wala ya kumtishia mfalme, ila pakiwa na sababu kubwa. Mimi, mtoto wa drafti, nimekaa ndani ya gari nimeacha kula. Nikapiga goti kwa kiganja nikasema "Kwisha!" kwa sauti. Mama wa jogoo akavuta kapu lake karibu.

Nilibaki nimefumba macho nikilirudia jibu langu kwa utamu. Nilipofumbua, kondakta alikuwa anapiga kelele: "Nyakanazi, mwisho wa gari! Kahama, Kibondo, unganisha hapa!"

Lusahunga, pa kushukia mtu wa Biharamulo, tulikuwa tumeshaipita. Kondakta aliapa kwamba aliita mara tatu. Simlaumu, mara tatu ni nyingi. Nikashuka kwenye vumbi la njia panda ile ambayo ina barabara ya kwenda kila mahali, nikala mahindi mawili ya kuchoma kwa hasira, nikapanda gari lingine kurudi nilikotoka, nauli juu ya nauli. Biharamulo niliingia saa kumi na moja jioni, kikao kimeshafungwa na nimeshapangiwa mchango bila kuwepo.

Lakini jibu nilikuwa nalo. Mpwa alikuwa amerudi shuleni, bweni. Nyumbani alikuwepo mdogo wake, wa darasa la sita, anaosha sufuria nje. Nikamwita kwa upole wa mshindi.

"Njoo uone mjomba wako alivyo. Hili fumbo la kaka yako unalijua?"

Akajifuta mikono kwenye sketi, akachungulia. "Shikamoo mjomba. La ngome."

"Marahaba. Ngome inakwenda hapa." Nikaonyesha kidole. "Hatua moja tu juu. Halafu askofu atake asitake."

Akanyamaza kidogo, jinsi watoto wenye adabu wanavyonyamaza wakitafuta namna ya kusema. Halafu akagusa kitunda cha Kakonko kwa ncha ya kidole chenye majivu na kukisogeza vyumba viwili mbele.

"Huyo kabanwa!" nikasema.

"Kabanwa asile pembeni, mjomba. Kwenda mbele bado yuko kwenye mstari wa ngome, bado amemkinga mfalme. Anatembea tu."

Nikatazama. Nikatazama tena. Kile kitunda kilikuwa kimenipita mbele ya macho siku tatu nzima, kama lori lililokatazwa kukata kona lakini mbele njia nyeupe. Nilikuwa nimekipiga pingu ya mikono nikadhani nimekifunga na miguu. Kikishatoka Kakonko, hata ngome ikikirukia huko kilikokwenda, askofu anashuka anaziba pengo, na mati hakuna.

"Kwa hiyo kaka yako kakosea," nikasema, maana mtu huanguka na alichoshika.

"Hapana. Ngome inatakiwa ikae hapa." Akaiweka Kibondo, pua kwa pua na kitunda cha Kakonko. "Hapa hakitoki tena."

Damu ikanipanda. "Mwanangu, hapo ngome inaliwa. Si unakiona hiki cha pembeni? Waulize wazee wa Ngara, watu sita wameliona hilo kabla sijatoa kidole."

"Ndiyo, inaliwa," akasema, kama mtu anayeambiwa kwamba mvua inalowesha. "Kikila kitunda hiki, si kimetoka mbele ya chetu?"

Kikala. Njia ikabaki wazi. Kitunda changu cheupe, kile kilichokuwa kimegongana pua na mwenzake siku zote hizo, kile ambacho sikuwahi hata kukihesabu kama mtu, kikapanda hatua moja na kusimama chini ya askofu, kikimtazama mfalme kwa pembeni. Mfalme hawezi kukila, mfalme wetu anakilinda. Kulia kwake askofu wake mwenyewe kamziba. Chini, Kakonko yake mwenyewe imemziba.

"Na kisipokula?" nikauliza, sauti imeshuka.

"Basi kilichobaki kusogea ni askofu. Ngome inakula Kakonko. Mati ileile."

Akarudi kwenye sufuria zake. Nikasikia steelwire inakwangua, kwa mwendo uleule wa mwanzo. Nikabaki nawaza wale wazee sita niliowashukuru, hasa yule aliyelia "Unaliwa!" kwa sauti kuliko wote. Ana deni langu la vikombe viwili vya kahawa, nilivyomnunulia siku ile kwa kuniokoa.

Dada akatoka ndani na sinia: ndizi za kupika zimelainika, maharage yenye mchuzi mzito ambayo hayakuungua hata kidogo, na kipande cha nyama kimewekwa juu peke yake, katikati, hakina mlinzi upande wowote. Akaliweka mbele yangu, akaketi kwenye kigoda, akakunja mikono. Suala la mchango wa harusi bado hakuligusa.

"Kula, kaka," akasema.

Nikakitazama kile kipande cha nyama muda mrefu sana.